Safu ya Uhusiano

Kila Alhamisi saa mbili asubuhi Araba Bentsil alifungua daftari kubwa la korti ya watoto, akalilainisha kwa kiganja, halafu akaanza kuwaita wazazi mmoja mmoja. Jina la mtoto halikutajwa. Mtoto alikuwa namba, maana mambo ya watoto ni siri, na kwa miaka kumi na tisa siri za nusu ya mji wetu zilikuwa zimelala kwenye droo za mama huyu. Safu ya kwanza namba, ya pili kosa, ya tatu jina la mzazi, ya nne uhusiano. Hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa ikiwaliza watu.

Alhamisi moja alikuja bibi kutoka vijijini, bakuli la dokono, donge la unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga limefungwa kwenye kitambaa, akasema amemfuata namba tisa. Araba akamwuliza uhusiano. Bibi akajibu kuwa yeye ni mama yake.

"Uliyemzaa?"

"Aliyemzaa ni mdogo wangu, yuko Abidjan mwaka wa sita huu. Sasa mimi nani kama si mama?"

"Wewe ni mama mkubwa," Araba akamwambia, na wala hakuinua sauti. "Korti hii haijui mama mkubwa wala mama mdogo. Inajua mama. Kaa pale nje kwenye benchi."

Bibi akaenda kukaa na bakuli lake mapajani. Selorm, kijana wa huduma ya taifa aliyeletwa mwaka huo kujifunza kazi, alimsindikiza kwa macho. Araba aliliona hilo. Akamweleza, kwa mara ya tatu au ya nne, kwamba haikuwa roho mbaya. Miaka miwili nyuma shangazi fulani alisaini, akaondoka na msichana, na hadi leo hawajulikani walipo. Tangu hapo Hakimu Ofeibea alikata shauri: ni mzazi mwenyewe, au mlezi mwenye fomu ya ulezi iliyogongwa muhuri. Basi. "Ukimwandika mmoja kwa huruma," Araba akamwambia kijana, "kesho utaandika ishirini, na keshokutwa utatafutwa wewe."

Ilipokaribia saa sita sajini aliingiza watoto wapya. Alikuwa amevaa shati la kawaida, kama inavyotakiwa pale, ili watoto wasiogope sare. Wa kwanza alikuwa mwizi wa kuku. Wa pili alikuwa amempasua mwenzake kichwa kwa jiwe. Wa tatu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni. Alikuwa Esaaba wake.

Kalamu ya Araba ilisimama. Sajini, ambaye hakujua kitu, akasoma karatasi yake: yadi sita za lesi nyeupe, mali ya mteja wa fundi cherehani Madam Philo, zimetoweka kabatini. Kabati lina funguo mbili, moja ya Madam, moja ya mwanafunzi wake. Mwanafunzi kaulizwa, kasema nimechukua. Kaulizwa iko wapi, kanyamaza.

Araba hakupiga kelele. Alitoka nje, akampigia simu dada yake Ekuwa, mama aliyemzaa Esaaba, aliyekuwa ameolewa mji wa mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ilikuwa imezimwa. Akarudi ndani. Kama mzazi hatasaini kabla ya saa nane, mtoto angepelekwa mahabusu ya watoto, na Araba aliyajua mabweni yale kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akichapa taarifa zake: wasichana wangapi kwenye godoro moja, nani kapigwa, nani kajaribu kuruka ukuta.

Selorm alikuwa ameshafungua ukurasa. "Lete hapa," Araba akamwambia.

Kwenye safu ya tatu aliandika jina lake mwenyewe. Kwenye ya nne akaandika: Mama. Hakusita, maana moyoni hakuona uongo. Esaaba aliachwa kwake ana miaka minne, na mfuko mmoja wa nguo, kwa ajili ya wiki mbili. Wiki mbili zile zilikuwa zimefika miaka kumi na mmoja. Fomu za ulezi zilijaa kwenye droo yake, alizichapia watu kila mwezi, lakini ya Esaaba hakuwahi kuichapa. Utamwambiaje dada wa tumbo moja, njoo tuandikishane karatasi? Kwetu hayo ni matusi. Ni kama kumwambia umemnunua mwanawe.

Selorm alisoma kilichoandikwa. Akamtazama Araba, akatazama nje ya dirisha, kule kwenye benchi la yule bibi, kisha akafunga daftari.

*

Nyumbani hapakulika. Mume wa Araba, mzee Egyir, mstaafu wa reli ambaye mdomo wake haukustaafu, alijaribu kuchangamsha meza. Akauliza kama washitakiwa siku hizi hupewa samaki mkubwa au mdogo, ajue cha kumwekea. Siku nyingine Esaaba angemjibu palepale. Siku hiyo aliinamia sahani, akamega dokono vipande vidogo vidogo, akaviacha.

Araba alimwuliza taratibu. Akamwuliza kwa ukali. Alimwuliza pia usiku, amekaa ukingoni mwa kitanda chake kama alivyofanya zamani mtoto akiwa na homa. Jibu lilikuwa lilelile. "Nilichukua, Mama. Niache tu." Ndivyo alivyomwita siku zote, Mama. Aliyemzaa alimwita Mama Ekuwa.

Siku ya nne akaja mpiga picha. Huyu alikuwa mtu wa misiba, mwenye mkoba uliojaa picha ambazo wenyewe walipigwa kwa bashasha kisha wakaona hawana haja ya kuzilipia. Alimjua Araba tangu mazishi ya mama mkwe wa Ekuwa, mwezi uliopita. Akamwambia dada yake alipiga picha Jumapili ya shukrani, siku ya pili ya mazishi, akapendeza kweli, lakini hela hakutoa. Je, hatamchukulia? Araba, ambaye alikuwa ameondoka mazishini Jumamosi jioni kuwahi zamu yake ya kanisani, akamlipa cedi zake ili aondoke.

Halafu akaitazama picha. Ekuwa alikuwa amesimama mbele ya turubai, mkono kiunoni, anacheka meno yote nje. Alikuwa ndani ya gauni la lesi nyeupe, na mikono ya gauni imekunjwa ngazi tatu, kila ngazi na kifungo chake kidogo. Mkono ule Araba angeutambua hata gizani. Esaaba aliubuni mwenyewe. Madam Philo alimkataza kuushona dukani kwa sababu unakula kitambaa, naye akawa anaushona nyumbani kwenye vipande vya mapazia, usiku kucha, mpaka mzee Egyir akalalamika kuwa cherehani inamwotesha treni.

Alimwita mtoto, akaiweka picha mezani. Esaaba aliiangalia, na kabla ya yote akauliza, "Imemkaa vizuri?" Kisha akalia.

Yote yakatoka. Ekuwa alimfuata dukani siku Madam hayupo. Alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa, na mumewe ni mzee wa kanisa, na wake wote wa ukoo wangevaa lesi Jumapili ile isipokuwa yeye. Wangemcheka. Ilikuwa ya Jumapili moja tu. Araba akauliza, lesi ikishakatwa na kushonwa ingerudi vipi kuwa yadi sita? 

"Alisema nikimshonea ikampendeza," mtoto akasema mwishowe, "atanichukua nikakae naye."

 Hayo ya lesi Araba alikuwa ameshayajua kwa kuitazama picha, lakini hili lilimkata maini. Alimpangusa mtoto machozi kwa upindo wa kanga yake, akamwambia akalale.

"Picha hiyo iende kortini," mzee Egyir akasema walipobaki wawili.

"Nimpeleke mtoto wa mama yangu kwa hakimu kwa picha? Watu watasema nini? Ekuwa atakuja mwenyewe, atasema kwa kinywa chake."

"Basi nenda kamwambie. Ila picha iache hapa."

Hakuiacha.

*

Ekuwa alimpokea kwa mikono miwili. Akamchinjia kuku, akamwekea maji ya kuoga, akawafukuza watoto wa jirani wasimsumbue mdogo wake. Araba alipoitoa picha, dada mtu alikaa chini kwenye saruji na kulia mpaka Araba naye akalia. Alikiri kila kitu. Alisema tangu siku ile hajalala. Alisema Alhamisi atakuja, ataongea mbele ya hakimu, atamlipa mwenye lesi hata kwa kuuza pete, na mtoto wake hatalala mahabusu hata usiku mmoja.

"Ila picha, mdogo wangu," akasema, akitazama mlango wa chumba cha mumewe. "Huyu baba akiiona kabla sijamweleza mwenyewe, leo hii nitalala barabarani."

Araba akampa. Alimpa kwa hiari, na akaona fahari kumpa, kwamba kati yao hakuna haja ya kushikiana ushahidi kama polisi. Ekuwa aliisukuma kifuani, ndani ya blauzi. Akafuta machozi na kuuliza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, siku ile nani alisaini kumtoa mtoto.

"Mimi."

"Na kwenye uhusiano uliandika nini?"

"Niliandika mama."

Ekuwa akamshika mkono, akaubana. "Umefanya vizuri. Wewe ndiye mama."

Njia nzima ya kurudi Araba alikuwa mwepesi. Alinunua ndizi za kuchoma stendi, akampelekea mumewe, akamwambia unaona sasa, wewe na maneno yako. Mzee Egyir akazila ndizi.

*

Alhamisi Ekuwa alifika mapema kuliko watu wote, amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Araba alimwona kutoka dirishani na moyo wake ukatulia. Namba ya Esaaba, kumi na saba, ilipoitwa, waliingia wote: mtoto, Madam Philo, ofisa wa ustawi wa jamii, na Ekuwa. Araba alikaa kwenye meza yake ya pembeni na kalamu, kwa kuwa kumbukumbu za kikao zilikuwa kazi yake.

Hakimu Ofeibea akauliza kama yupo mwenye la kusema kabla hawajaanza. Ekuwa akasimama.

"Mheshimiwa, naitwa Ekuwa Bentsil. Mimi ndiye niliyemzaa mtoto huyu. Kwenye daftari lako imeandikwa mama yake ni mtu mwingine. Ni uongo, na aliyeuandika ni karani wako, yule pale."

Mkono wa Araba uliendelea kuandika. Ulikuwa umezoea hivyo kwa miaka mingi, mtu anasema na wenyewe unafuata. Uliandika "yule pale", ukaweka nukta.

Hakimu akaomba daftari. Selorm alilileta, uso ameuinamisha. Hakimu alisoma mstari ule muda mrefu kuliko urefu wake, akamgeukia Araba na kumwuliza kama huo ni mwandiko wake. Araba akasema ndiyo. Akauliza kama anaijua amri ya korti. Araba akasema anaijua, yeye ndiye aliyeichapa.

Halafu alisimama, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni. "Mheshimiwa, nimekosa kuandika. Adhabu yangu nitaichukua. Lakini lesi mtoto hakuiiba kwa faida yake. Aliivaa huyu. Kashonewa gauni."

"Una ushahidi?"

Araba akamtazama dada yake, kifuani, pale ilipoingia picha. Ekuwa naye alimtazama, bila kupepesa macho, kwa huzuni kabisa, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mheshimiwa unaona mwenyewe," Ekuwa akasema. "Mtu aliyekuongopea kwenye kitabu chako, sasa ananisingizia na mimi. Mtoto nilimpa anisaidie kulea tu. Sasa anataka awe mwenye mtoto."

Hakimu alimwita Esaaba mbele. Alimwuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiwauliza wote, asiogope, je, mama yake aliivaa lesi ile?

"Hapana," Esaaba akasema. "Niliiuza sokoni. Kwa mtu simjui."

"Na mama yako ni yupi kati ya hawa wawili?"

Msichana hakufikiri hata kidogo. Alimnyooshea Ekuwa mkono.

"Yule ndiye mama yangu. Huyu ni mama mdogo."

Kwa miaka kumi na mmoja neno hilo halikuwahi kutamkwa nyumbani kwa Araba. Alikuwa hajui hata kama mtoto analijua. Aliketi, akaitazama mistari ya maandishi kwenye karatasi yake, na akaona kuwa neno hilo hajaliandika. Akaliandika.

Shauri lilipigwa tarehe, wiki mbili mbele. Hakimu akasema wazi kwamba mtoto amekiri, ni kosa la kwanza, na kama mzazi atasimama naye siku hiyo na kumdhamini, atarudi nyumbani chini ya uangalizi. Asiposimamiwa na mzazi, ni shule ya marekebisho, miaka miwili. Kwa Araba alisema maneno machache: asimame kazi mpaka barua itakapokuja, akabidhi funguo kwa Selorm sasa hivi. Ekuwa akasaini kumchukua mtoto. Uhusiano: Mama. Kalamu alipewa na Araba.

Jioni ile Esaaba alikuja na mama yake kuchukua nguo. Alifungasha haraka, ana haya, lakini uso wake ulikuwa unang'aa, na ndicho kitu Araba alishindwa kukisamehe kwa siku nyingi. Ekuwa alingoja nje getini. Hakuingia, wala hakuinua macho.

*

Araba alimtafuta mpiga picha kwa siku tatu, apate nakala nyingine ya ile picha. Alimpata, akamsikiliza akieleza kwamba kadi ya kamera ni moja, kila msiba mpya unafuta wa zamani. Mzee Egyir hakumwambia nilikwambia. Angeweza kusema, na Araba alitamani aseme, wagombane, liishe. Badala yake kila asubuhi alimchemshia uji wa mahindi, akamwekea sukari mwenyewe. Usiku wa kuamkia Alhamisi alimwuliza jambo moja tu.

"Kesho utakwenda?"

"Kufanya nini? Mama yake yupo."

Akaenda.

Alifika kama raia yeyote, kwa mlango wa mbele, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba benchi la nje lina msumari uliochomoza. Akakaa mbali na msumari. Kwenye kivuli cha ukuta walikuwa wamesimama Esaaba na sajini, na yule msichana alikuwa amekonda. Sajini alimsogelea Araba, kwa heshima za zamani, akamnong'oneza kuwa mtoto ameshushwa getini na mama yake saa moja na nusu. Mama kasema anakwenda kununua maji, anarudi sasa hivi.

Sasa ilikuwa saa nne na robo. Dada wa tumbo moja utakuwa humjui mpaka lini? Araba alichukua simu, akaitazama, akairudisha mkobani. Alijua itaita mara ngapi kabla ya kuzimwa.

"Namba kumi na saba!"

Esaaba akaingizwa ndani. Mlango uliachwa wazi, kama kawaida, mpaka mzazi apatikane. Selorm alitoka akasimama kizingitini na daftari mkononi.

"Mzazi wa namba kumi na saba."

Benchini walikuwapo watu sita. Hakuna aliyeinuka.

"Mzazi wa namba kumi na saba," Selorm akaita tena, akiwatazama wote isipokuwa Araba. Mara tatu ndiyo utaratibu. Baada ya ya tatu karani anaandika "Hayupo", na Araba ndiye aliyemfundisha aandike kwa wino, siyo kwa penseli.

"Mzazi wa namba kumi na saba."

Araba akainuka. Alitembea mpaka kizingitini, akasimama mbele ya daftari lake mwenyewe. Selorm alifungua ukurasa. Aliandika jina bila kuuliza. Kisha kalamu ikafika safu ya nne, akainua uso, na macho yake yalikuwa yanamwomba. Lilikuwa neno moja tu. Angeliandika, lolote ambalo angeambiwa.

"Uhusiano, Madam?"

Kupitia mlangoni Araba alimwona Hakimu Ofeibea ameinamia faili. Alimwona Esaaba amesimama peke yake katikati ya chumba, pale watoto wote wanaposimama, mikono nyuma. Barua ya kazi ilikuwa haijafika bado. Akiliandikisha tena lile neno la kwanza, safari hii hatasimamishwa kazi tu, atashitakiwa, na mtoto bado atapelekwa shule ya marekebisho.

"Mama mdogo," akasema.

Selorm alibaki ameshika kalamu. Ndani, hakimu aliuliza kama mzazi yupo.

"Hayupo, Mheshimiwa," Selorm akajibu.

Esaaba akageuka kusikia hivyo. Alitazama mlangoni. Macho yake yakamkuta Araba, yakatua kidogo, kisha yakampita, yakavuka bega lake na benchi na uwanja wote, yakaenda kutafuta getini. Alikuwa angali anamngoja mwenye maji. Selorm akaufunga mlango taratibu, kama alivyofundishwa.